Maneno Yetu Hayana Stakabadhi

Mkulima wa korosho akipeleka gunia lake chama cha msingi anapewa karatasi. Karatasi inasema kapeleka kilo ngapi, daraja gani, na mzigo umelala ghala gani. Mfumo huu wa stakabadhi ghalani ulianzia kwetu Mtwara msimu wa 2007/2008, na tangu hapo watu hawajaacha kuugombania: makato mengi, malipo yanachelewa, viongozi wa chama wananenepa. Sawa. Lakini hata anayeutukana mfumo ana karatasi mfukoni ya kutukania. Anajua mali yake iko wapi, na anajua mlango wa kwenda kugonga.

Sasa nijibu wewe, kijana mwenzangu unayesoma ukurasa huu. Wewe unayebandika mashairi Facebook, unayetupa vichekesho TikTok, unayebishana kule X mpaka saa nane za usiku kwa bando la kuungaunga. Stakabadhi yako iko wapi? Shairi lako limesomwa na nani? Nani kalizuia lisisomwe? Neno gani la Kiswahili likifika kule linahesabiwa tusi, na lipi linapita? Uzushi gani ulisukumwa mbele ukapita kila simu ya mtaa, na ukweli gani ukaachwa nyuma? Hujui. Mimi pia sijui. Wanaojua ni wenye ghala, na wenye ghala hawasemi.

Basi mimi nasema hivi: kuyachunguza yanayofanyiwa maneno yetu kusiwe fadhila ya kampuni ya ng'ambo, wala kusiwe ruksa ya mkubwa wa ofisini anayetoa akipenda na kunyima akinuna. Kuwe na utaratibu ulioandikwa, unaojulikana, wenye siku zake na wenye majibu yake. Na utaratibu huo uwe na mlango wa mtu kama wewe na mimi, siyo wa maprofesa peke yao.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya watu wa kompyuta, waandishi wa hadithi yanawahusu nini? Nitawajibu kwa mambo ya hapa hapa.

Mwaka 2013 mji huu uliwaka. Januari uliwaka, na Mei 22, siku bajeti ya Nishati na Madini inasomwa bungeni, ukawaka tena, watu wakipinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Watu walikufa, nyumba zilichomwa, askari walijaa mitaani. Habari zilitembea kwa vipeperushi na kwa ujumbe wa simu. Leo kijana anayetaka kuandika riwaya ya mwaka ule anashika nini mkononi? Magazeti yaliyochapwa Dar es Salaam na kumbukumbu za wazee wa vijiweni. Yale maneno yenyewe, yaliyowatoa watu ndani ya nyumba zao, hayapo mikononi mwetu.

Tarehe 25 Aprili 2019 tuliambiwa kimbunga Kenneth kinakuja. Watu waliambiwa wahame mabondeni, watafute mahali salama. Kimbunga kikaangukia ng'ambo ya Ruvuma, Cabo Delgado, kikawaumiza ndugu zetu wa kule. Je, siku ile tahadhari ya kweli ilimfikia nani, na ya uongo ilimfikia nani kwanza? Siulizi kwa udadisi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuja tena pwani hii hii, na kingine kitakuja. Anayejua habari ya kweli hukwama wapi anaokoa roho za watu.

Oktoba 2020 washambuliaji walivuka mto wakaingia Kitaya, kijiji chetu. Tangu vita ya Cabo Delgado ianze mwaka 2017 tunaulizana kwa kunong'ona: vijana wanaovutwa kule wanaambiwa nini, na nani, kwa njia gani? Wapo watu wanaojibu haraka haraka eti ni umaskini, eti ni dini, eti ni malezi. Wanajibu kwa kubahatisha, maana sehemu ya jibu imelala kwenye kompyuta za kampuni ambazo mzazi wa Kitaya hata jina la mji wake hajui.

Haya, wenzetu wamefanya nini? Umoja wa Ulaya una Sheria ya Huduma za Kidijitali ya mwaka 2022. Kifungu cha 40 kinasema jukwaa kubwa mno, lile lenye watumiaji kuanzia milioni 45 ndani ya Umoja huo, likiombwa na mratibu wa serikali, lazima limfungulie data mtafiti aliyehakikiwa. Mtafiti anatakiwa awe na taasisi ya utafiti, asiwe mtumishi wa maslahi ya biashara, aseme nani anamlipia, aonyeshe atazitunza vipi data za watu, na matokeo yake yatolewe bure kwa umma. Kampuni ikiona taabu ina siku 15 za kuomba ombi lirekebishwe, na sababu zake zinahesabika: ama haina hizo data, ama kuzitoa kutahatarisha usalama au siri zake za biashara. Kanuni za utekelezaji zilianza kazi tarehe 29 Oktoba 2025. Desemba ya mwaka huo huo kampuni ya X ikatozwa faini ya yuro milioni 120, na mojawapo ya makosa yake ni kuwazuia watafiti wasizifikie hata data zilizo hadharani.

Ukiisoma sheria ile utaipenda. Mimi niliipenda. Ina masharti pande zote mbili, ina saa, ina rungu. Lakini soma tena pale inapotaja utafiti uhusu nini: hatari zilizomo ndani ya Umoja wa Ulaya. Hata mtu wa nje akiruhusiwa kugonga, swali lake lazima liwe la kwao. Uzushi ukichoma soko la Ulaya ni hatari inayotambulika. Uzushi ukichoma soko la Mtwara hauna kifungu.

Siwalaumu. Kila mtu na atunge sheria ya nyumbani kwake. Lawama yangu ni kwa wenye kampuni, na halafu kwetu wenyewe.

Wenye kampuni, maana pale wasipobanwa wanafunga. Mwaka 2023 Twitter, ambayo ndiyo X ya leo, iliondoa njia ya bure waliyokuwa wakiitumia watafiti wa dunia nzima, ikaweka bei, na ngazi ya chini ya malipo ikaanzia dola 100 kwa mwezi. Piga hesabu hiyo kwa shilingi halafu umwambie mwanafunzi wa chuo hapa mjini. Agosti 14, 2024, Meta ikakizima CrowdTangle, chombo kilichokuwa kikiwaonyesha waandishi wa habari ni habari gani inasambaa na kwa kasi gani. Badala yake ikaleta maktaba yake mpya, ukitaka kuingia uwe wa chuo au wa taasisi isiyofanya biashara. Gazeti la kujitegemea hata likiwa na chumba kimoja na feni mbovu, hilo ni biashara, likae nje. TikTok nayo ilipofungua mlango wa watafiti mwaka 2023 ilianza na Marekani, kisha ikaenda Ulaya. Tunapocheza na kuimba, sisi ni soko la dunia. Tunapouliza, ghafla tunakuwa mbali.

Sasa tuje kwetu, maana si vizuri kumsema jirani na kwako kunavuja.

Mwaka 2018 ulikuwa mwaka wa makufuli. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilimtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 ya maombi na shilingi 1,000,000 ya leseni. Kwa mwandishi chipukizi hiyo si leseni, ni mahari ya binti wa mfalme. Kanuni zikaja kulegezwa baadaye, lakini wangapi walishanyamaza? Julai ya mwaka huo taasisi ya Twaweza ilitoa matokeo ya kura yake ya maoni: walioridhishwa na utendaji wa rais walikuwa wameshuka kutoka asilimia 96 mwaka 2016 hadi asilimia 55. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ikawaandikia barua ikiuliza kibali kiko wapi, ikawapa siku saba wajieleze. Mkurugenzi wao akanyang'anywa hati ya kusafiria. Mwaka huo huo Sheria ya Takwimu ikarekebishwa, kwamba ukitoa takwimu za kupingana na za serikali unajitafutia faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Juni 2019 kosa hilo likafutwa, na tunashukuru. Lakini woga haufutwi kwa marekebisho. Ukishaambiwa kuhesabu ni jinai, miaka mingi baadaye mkono bado unatetemeka ukishika kalamu ya kuhesabia.

Halafu kuna kuzima kabisa. Mei 2025 X ikafungiwa nchini. Septemba JamiiForums ikasimamishwa kwa siku 90. Oktoba 29, siku ya uchaguzi, intaneti ikakatwa nchi nzima, tukakaa siku kadhaa hatujui jirani wa mkoa wa pili yu hai au la. Mtafiti atachunguza nini pale ambapo hata anayechunguzwa kazimwa?

Mwelekeo huu unanigusa, nitawaambia kwa nini. Mimi na wenzangu wanne hapa Rahaleo tulitaka kufanya kazi ndogo tu: kukusanya yaliyoandikwa hadharani wakati wa kile kimbunga cha 2019, tukae na wazee na wavuvi, tulinganishe, tutoe kijitabu. Hatukutaka jina la mtu wala siri ya mtu. Ofisi ya kwanza, sitaitaja, niliulizwa, "Barua ya chuo unayo?" Nikasema sina, mimi mwandishi. "Wa gazeti gani?" Si wa gazeti, wa hadithi. Yule mama akamtazama mwenzake, wakacheka, siyo kwa ubaya, kwa kunihurumia. "Mwanangu, hadithi si utafiti." Ofisi ya pili wakasema wazo letu zuri sana, tuliandike kwa Kiingereza, tulete nakala, tusubiri. Mpaka leo tunasubiri. Kampuni moja yenye mtandao, nayo siitaji, fomu yake ilikuwa na kisanduku cha kuchagua taasisi yako, na usipochagua ukurasa haugeuki. Tulikaa wanne mbele ya simu moja, tunatazama kile kisanduku. Kijiwe hakimo.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni hoja ya watu wazima. Wanasema: mkiwafungulia watafiti, mtawafungulia wezi. Wanatoa mfano, na mfano ni wa kweli. Yule aliyechota data za watumiaji wa Facebook wanaofikia milioni 87, zikaishia Cambridge Analytica, alikuwa msomi wa chuo kikuu, Aleksandr Kogan, na alijinadi kwamba anafanya utafiti. Na kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyofanya kazi kwenye chaguzi za Kenya za 2013 na 2017. Kwa hiyo neno mtafiti siyo kanzu nyeupe. Nakubali kabisa.

Lakini tazameni vizuri lile balaa lilipitia wapi. Lilipita pale ambapo hapakuwa na utaratibu, pale kampuni ilipojiamulia yenyewe nani aingie na aondoke na nini. Hakukuwa na mhakiki wa nje wala sharti la kuchapisha matokeo hadharani. Anayetumia mkasa ule kutetea ufungaji wa mlango ni kama mtu aliyeibiwa na mlinzi wake, halafu anasema suluhisho ni kumwachia mlinzi yule yule funguo zote.

Wengine wanaogopa serikali, na hao nawaelewa zaidi. Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa akashtakiwa, baada ya kukataa kuwatoa watumiaji wake kwa polisi. Mtu akikumbuka hilo, akisikia "kufungua data" anashika kichwa. Hapa ndipo tutenganishe mambo. Polisi anataka jina. Mtafiti wa kweli anataka mwenendo: maneno yalianzia wapi, yalikwenda kasi gani, yalizuiwa wapi. Jina halimsaidii, linamlemea. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kazi Mei 2023, na tunayo Tume yake. Kazi ya sheria hiyo iwe kumlinda binti wa Chikongola asianikwe, isiwe pazia la kampuni kujifichia wala sababu ya mkubwa kusema hapana.

Na msiniambie kwamba kampuni hizi ni kubwa mno, hazitusikii. Kenya, Daniel Motaung na wenzake waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook pale Nairobi walikwenda mahakamani tangu mwaka 2022. Meta ikasema sisi hatupo Kenya, hamwezi kutushtaki. Februari 2023 mahakama ya kazi ikasema mnaweza kushtakiwa hapa, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikasema hivyo hivyo. Tazama hilo neno: mpo. Maneno yetu yalikuwa yakichujwa Nairobi, na watu wetu walikuwa wakiyachuja mpaka wanaugua, halafu mwenye duka anasema duka halipo. Ulaya wameweka kizingiti cha watumiaji milioni 45. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi nane na watu zaidi ya milioni 300, na Kiswahili ni lugha yake rasmi. Tukisema kwa sauti moja tunasikika mpaka California. Tukisema nchi moja moja, huku kila nchi inazima intaneti yake kwa zamu, nani atatuheshimu?

Kwa hiyo nataka nini? Nitayataja, ili asitokee mtu akasema vijana wanalalamika tu.

Kwanza, kiwepo kibali cha mlango mmoja. Mtu asizungushwe ofisi nne kama mwali anayetafutiwa kungwi. Ombi liandikwe kwa Kiswahili akitaka mwombaji, lijibiwe kwa siku zinazojulikana, na likikataliwa sababu iandikwe, na pawe na mahali pa kukata rufaa.

Pili, anayetoa kibali asiwe ndiye anayechunguzwa. Utafiti kuhusu serikali usisubiri kalamu ya serikali hiyo hiyo, na utafiti kuhusu kampuni usisubiri huruma ya kampuni.

Tatu, mtafiti apimwe kwa kazi yake na kwa dhamana ya siri za watu, asipimwe kwa kichwa cha barua yake. Mwandishi, mwalimu wa sekondari, maktaba ya mkoa, kikundi cha wavuvi, wote wawe na mlango, hata kama ni kwa kusimamiwa na taasisi iliyokubali kuwabeba.

Nne, nchi za Jumuiya zitunge sharti moja kwa majukwaa makubwa, lenye faini inayouma. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilishapitisha azimio kuhusu upatikanaji wa data mwaka 2024. Azimio si sheria, lakini ni pa kuanzia.

Tano, kila matokeo yarudi kwa waliochunguzwa, kwa lugha yao. Tumechoka kuwa panya wa maabara wanaosomewa ripoti kwa Kifaransa.

Wakati hayo hayajaja, hatukai tukipiga miayo. Ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Inampa kila raia haki ya kuomba taarifa, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Inagusa hata vyombo binafsi vilivyosajiliwa nchini vyenye taarifa zenye maslahi makubwa kwa umma. Wangapi kati yetu tumewahi kuitumia? Tunajua mistari yote ya Bongo Fleva, kifungu kimoja cha sheria hii hatukijui.

Basi kila msomaji wa jarida hili aandike barua moja. Uliza ofisi ya umma: mwaka jana mliomba kampuni za mitandao ziondoe maandishi mangapi? Kwa sababu gani? Mangapi yaliondolewa? Usitaje jina la mtu, usimtukane mtu, andika Kiswahili safi, weka tarehe, bakiza nakala. Zikipita siku 30 umejibiwa, tuletee jibu. Usipojibiwa, tuletee ile nakala yako yenye muhuri wa mapokezi. Nitawaomba wahariri waichape kama ilivyo, muhuri na yote.